Tusi Hupimwa kwa Sikio Linalolisikia

Matini ya mazungumzo ya polisi jamii na wananchi wa Bwizibwera, pamoja na wageni kutoka Mbarara mjini na makazi ya wakimbizi ya Nakivale

Waheshimiwa wenyeviti wa LC, wazee wetu, kina mama, vijana, nanyi ndugu viongozi wa wakimbizi mliosafiri kutoka Nakivale, tunawasalimu nyote kwa heshima. Agandi. Hamjambo. Amakuru. Amahoro. Assalamu alaykum.

Tumewasalimu kwa lugha kadhaa kwa makusudi, na tumeona jinsi kila upande ulivyoitikia zamu yake ilipofika. Sikio la mtu hulitambua neno la kwao hata katikati ya kelele za soko. Na kama linavyoitambua salamu, ndivyo linavyolitambua tusi.

Hilo ndilo jambo lililotuleta leo: matusi katika maongezi ya kila siku. Mmezoea kutusikia tukizungumzia wizi wa ng'ombe, magendo ya mpakani na ajali za boda boda. Leo tunazungumzia neno. Lakini kila askari aliyewahi kukaa kwenye meza ya kupokea malalamiko anajua hivi: mwulize mtu aliyekuja na jeraha kichwani ugomvi ulianzaje, na mara nyingi atajibu kwa neno moja, "Alinitukana."

Kuhusu matusi, watu wetu wamegawanyika katika mitazamo mitatu, na kila mmoja una hoja inayostahili kusikilizwa.

Wa kwanza ni wa wale wanaosema kwamba maneno ni upepo. Hawa wana methali ya kuwaunga mkono: maneno makali hayavunji mfupa. Mtu akikutukana, mwache apite. Tusi ni la aliyelitoa, si la aliyetupiwa. Wa pili ni wa wale wanaosema kwamba matusi ni mchezo. Vijana kijiweni, madereva stendi na wapagazi sokoni hutupiana maneno mazito kuanzia asubuhi mpaka jioni, kisha hula sahani moja. Kwao, asiyetukanwa si rafiki. Wa tatu ni wa wale wanaosema kwamba anayetukana amewaaibisha wazazi wake kabla ya kumwaibisha mwenziwe, kwa kuwa ametangaza hadharani kuwa hakulelewa. Nao wana methali: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Tungekuwa watu wa kijiji kimoja, wa lugha moja na wa ukoo mmoja, huenda mmoja wa mitazamo hii ungetosha. Lakini sisi hatuko hivyo. Makazi ya Nakivale, yaliyo wilayani Isingiro karibu na mpaka wa Tanzania, yamekuwa yakiwapokea watu tangu Wanyarwanda walipokimbilia huko miongo sita iliyopita na zaidi. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo, wakiishi pamoja na wenyeji wa Ankole. Biashara huwatoa makazini na kuwaleta Mbarara. Kutoka Mbarara, barabara ya Ibanda huwafikisha hapa Bwizibwera. Katika mkusanyiko kama huu, mtu hajui sikio lililo karibu naye lililelewa wapi.

Tuchukue mfano wa aina ya ugomvi tunaouzungumzia. Kijana wa Kinyankole anakwenda kununua mkaa kwenye kibanda cha familia iliyokimbia kutoka Kivu, ambayo nyumbani husema Kiswahili tu. Anamkuta binti mdogo peke yake. Anamwuliza kwa Kinyankole mama yake yuko wapi. Sasa, katika Kinyankole, mama yako ni "nyoko". Ni neno safi. Hata mjomba wako huitwa kwa jina linalotokana na neno hilo. Lakini kaka wa yule binti yuko nyuma ya kibanda, na kwa sikio lililozoea Kiswahili neno hilohilo ni nusu ya tusi ambalo hatuwezi kulitamka mbele yenu. Anatoka na kipande cha kuni mkononi. Mnunuzi hajui kosa lake. Watu wanakusanyika, Wanyankole wanasimama upande huu, Wakongo upande ule.

Kinachoweza kuokoa hali hiyo ni mtu mmoja mwenye busara, pengine mama muuza nyanya anayeijua lugha ya pande zote mbili, atakayeuliza maswali mawili tu. Kwa mmoja: umesema nini? Kwa mwingine: umesikia nini? Majibu hayatafanana, na katika tofauti hiyo ndimo ugomvi ulimo, ndimo na dawa yake.

Hatusemi kwamba kila tusi ni kutoelewana. Lugha zote zilizoko hapa zinalijua tusi vizuri. Mnyankole husema okujuma, Mganda okuvuma, Mnyarwanda na Mrundi gutuka, Mswahili kutukana. Lakini vilevile kila lugha ina neno la kinyume chake. Wanyankole wana obufura, Wanyarwanda wana ikinyabupfura, Waganda wana empisa, na Waswahili wana adabu na uungwana. Hakuna kati yetu aliyetoka katika jamii inayofundisha watoto kutukana. Kwa hiyo mtu asimtazame jirani yake na kusema, "Hawa ndiyo desturi yao." Si desturi ya yeyote.

Tuseme neno juu ya utani, kwa kuwa wengi hujifichia humo. Jirani zetu wa Tanzania wana mila ya utani baina ya makabila, ambapo mtu aweza kumwita mtani wake mtumwa wake, akamnyang'anya kofia, hata akamfanyia mzaha msibani, na asikasirikiwe. Anayeitazama mila hiyo kwa mbali hudhani kuwa ni ruhusa ya kutukana ovyo. Sivyo. Utani una masharti yake. Pande zote mbili zinajua kwamba ni watani. Kila mmoja ana haki ya kujibu kwa kipimo kilekile. Tena mtani hubeba wajibu: huyo anayekufanyia mzaha msibani ndiye pia anayehangaika na shughuli za mazishi. Palipokosekana masharti hayo, hapana utani. Dereva anayemtolea maneno machafu abiria mwanamke ambaye hawezi kumjibu hafanyi utani. Mwenye duka anayemkejeli mpagazi anayemtegemea kwa ujira wa siku hafanyi utani. Mzaha usiorudishika ni dharau.

Sasa tuingie katika jambo linalotugusa sisi polisi kwa namna ya pekee, nalo ni Kiswahili chenyewe. Katika nchi yetu ya Uganda, wapo wazee wanaokisikia Kiswahili na moyo ukashtuka. Tusiwacheke, kwa maana wana historia. Kiswahili kilienea katika sehemu nyingi za nchi kupitia kambi za jeshi na vituo vya polisi tangu enzi za ukoloni. Gavana William Gowers alipotaka mwaka 1927 lugha hii itumike katika elimu na utawala, alipata upinzani mkali Buganda, na Kabaka Daudi Chwa aliandika kuipinga mwaka 1929. Mwaka 1973 Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa, wakati ambapo wananchi wengi walikuwa wakiisikia kutoka kwa wanajeshi wenye bunduki. Hivyo kwa familia nyingi maneno ya kwanza ya Kiswahili kufika nyumbani yalikuwa amri na matusi: njoo hapa, kaa chini, mjinga, mshenzi. Mtoto aliyejifunza lugha kwa njia hiyo angewezaje kuipenda?

Lakini wazee wa Mbarara wanakumbuka pia upande wa pili. Februari 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Mbarara yakisema Kiswahili hichohicho. Vita vile viliuacha mji ukiwa umebomoka, wala hatusahau maumivu hayo. Hata hivyo, Waganda wengi waliwaita askari wale bakombozi, na neno hilo wamelitoa katika Kiswahili. Basi lugha moja iliwafikia watu ikiwa imebeba mshenzi, ikawafikia tena ikiwa imebeba wakombozi. Kosa halikuwa la lugha. Lugha ni chombo. Hubeba kile kilichotiwa ndani.

Leo Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa ndugu zetu wengi kutoka Kongo, ni lugha ya nyumbani na ya ibada. Askari anaposimama barabarani na kumwita mwananchi kwa Kiswahili, basi na amwite baba, mama, kaka, dada, au mzee wangu. Na mwananchi atakayetukanwa na askari anayo njia ya kulalamika: aanze kwa mkuu wa kituo, na asiporidhika, kipo Kitengo cha Viwango vya Kitaaluma cha Polisi kilichowekwa kupokea malalamiko dhidi ya askari. Kulalamika huko ni haki yake, asiogope.

Tuyatazame tena yale maneno mawili tuliyoyataja, mjinga na mshenzi. Asili yake inafundisha jambo. Zamani pwani, mjinga aliitwa mtu aliyewasili karibuni, asiyezijua bado njia za mji. Mshenzi aliitwa mtu wa bara, asiyekuwa na mila za watu wa pwani. Maneno yote mawili yalianza kama jina la mgeni, yakaishia kuwa tusi. Ndivyo watu wanavyofanya popote: humchukua aliyekuja baadaye, huligeuza jina lake kuwa kejeli.

Na hapa kwetu neno mojawapo linaanza kufuata njia hiyo. Neno hilo ni mkimbizi. Katika Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, mkimbizi ni mtu mwenye hadhi inayotambuliwa na haki zilizoandikwa. Si jina la aibu. Lakini lisikilizeni linavyotamkwa wakati wa kugombea bei, au watoto wanapogombana bombani: "Nenda zako, mkimbizi!" Herufi ni zilezile, ila sauti imelifanya tusi. Anayelitamka hajavunja mwiko wowote wa lugha, wala hakutaja kiungo chochote cha mwili. Hata hivyo, aliyetamkiwa amekumbushwa nyumba iliyoteketea na makaburi aliyoyaacha. Matusi ya nguoni tunayaona mara moja na kuyakemea. Tusi la namna hii hupita mbele yetu likiwa limevaa nguo safi.

Kutoka hapo ni hatua fupi kufikia tusi lililo baya kuliko yote, yaani tusi la kabila. Ndugu zetu kutoka Rwanda hawahitaji kuelezwa jambo hili. Kabla ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, watu walizoezwa kuwaita majirani zao inyenzi, yaani mende. Neno lilisemwa barazani, likaandikwa gazetini, likatangazwa redioni, mpaka masikio yakalizoea. Mtu akishaitwa mdudu, anayemwua hudhani anasafisha nyumba. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani watu 3 waliohusishwa na redio RTLM na gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza vifungo vyao, lakini ilibaki wazi kwamba anayetumia neno kuwachochea watu waue hawezi kusema, "Mimi nilisema tu."

Ndiyo maana methali ya maneno makali na mfupa, ingawa ni ya kweli kwa mtu mmoja aliyeudhiwa na mtu mmoja, haitoshi kwa jamii. Neno halivunji mfupa. Huushawishi mkono utakaouvunja.

Wengi hutuuliza sheria inasemaje. Tujibu kwa ufupi na kwa uwazi. Nchini Uganda, kusema maneno yanayoelekea kuleta chuki au dharau dhidi ya kundi la watu kwa sababu ya dini, kabila au eneo wanakotoka ni kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5. Ng'ambo ya mpaka, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungo cha 89, inalifanya kuwa kosa kumtolea mtu lugha ya matusi kwa namna inayoelekea kuvunja amani. Angalieni hekima iliyomo: sheria hiyo haikuandika orodha ya maneno mabaya. Imetazama kile ambacho neno laweza kuzaa mahali liliposemwa.

Lakini msidhani kwamba kila neno lililokuudhi litampeleka mtu gerezani. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikibatilisha kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno na hayakuwa wazi. Kwa hiyo, anayetuletea simu yenye ujumbe wa kuudhi tutamsikiliza, ila si kila ujumbe ni kosa la jinai. Sehemu kubwa ya mambo haya ni kazi ya jamii yenyewe.

Na vijana tunawaomba walisikie hili vizuri. Wapo wanaoamini kwamba aliyetukanwa mama yake ana ruhusa ya kupiga. Hana. Mahakama yaweza kuzingatia kwamba mtu alichokozwa ghafla, na shtaka la kuua kwa kukusudia likapunguzwa kuwa la kuua bila kukusudia. Lakini hata hilo la pili, adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Aliyetukana atakuwa kaburini, aliyetukanwa atakuwa gerezani, na mama aliyepiganiwa atabaki peke yake akiwalilia wote wawili.

Basi tufanye nini? Tunayo mapendekezo manne.

Kwanza, kabla ya kukasirika, ulizeni yale maswali mawili: umesema nini, na umesikia nini? Wenyeviti wa LC na viongozi wa wakimbizi, tunawaomba muwe na watu wanaoaminika wa kutafsiri, wanaume kwa wanawake, watakaoitwa haraka panapotokea mzozo.

Pili, rudisheni mashauri ya matusi kwenye upatanisho mapema. Sheria ya mwaka 2006 inayozihusu mahakama za LC inataja upatanisho na kuomba radhi miongoni mwa amri zinazoweza kutolewa. Radhi iliyoombwa mbele ya majirani huponya kuliko faini, kwa sababu aibu iliyofanywa hadharani hufutwa hadharani. Ila tusi likiambatana na kitisho, au likilenga kabila, leteni shauri hilo polisi siku hiyohiyo.

Tatu, wazazi walinde ndimi za nyumbani. Mtoto hatungi tusi, hulipokea. Mtoto wa Kinyankole anayejua matusi 10 ya Kiswahili na hajui kusema shikamoo amefundishwa na mtu mzima. Vivyo hivyo mtoto wa mkimbizi anayejua matusi ya Kinyankole na hajui kujibu Agandi. Wafundisheni salamu ya jirani kwanza. Anayejua kukusalimu kwa lugha yako, hata akikosea neno kesho, utamdhania mema.

Nne, aliyesikia asinyamaze. Tusi huota mizizi kwa vicheko vya wanaolizunguka. Akitukanwa mpita njia na kijiwe kizima kikacheka, wote wametukana. Akatokea mmoja akasema, "Acha, huyo ni mzazi wa mtu," tusi limekosa pa kukaa. Hatumwombi mtu apigane. Tunamwomba asicheke.

Ndugu zetu, Waswahili husema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mwenyeji wa leo alikuwa mkimbizi jana, na hakuna aliyetiwa saini kwamba hatakuwa mkimbizi kesho. Yule unayemwita mgeni sokoni huenda ndiye atakayekusukumia pikipiki usiku ukimpeleka mwanao hospitali Mbarara. Yule unayemdharau kwa Kiswahili chake cha Kongo, au kwa Kinyankole chake kilichochanganyika, huenda ndiye atakayekupokea siku utakapovuka mpaka ukiwa huna kitu. Sote tungali na uzazi mbele yetu, na hatujui mkunga atasema lugha gani.

Mwenye swali na aulize, kwa lugha yoyote aijuayo, watafsiri tunao.